Ngemi za Mtoto wa Kike

Nilimpigia mama aje siku ya kufunga shule, akasema, "Nitajaribu." Mimi nikageuka nikamwambia mdogo wangu, "Mama anakuja."

Sikufanya kwa ubaya. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni na sweta ya shule ameivaa nyuma mbele, macho yote kwa simu yangu, na hilo neno "nitajaribu" nililiona kavu sana la kumpa mtoto kabla hajala. Nikalilainisha kidogo. Akaruka. Akaenda kuambia ng'ombe.

Tuliishi wawili tu, mimi na yeye, upande wa Wamagana, katika nyumba ya mbao aliyotujengea baba kabla hajatangulia. Mama alikuwa Doldol, kule kwa wafugaji, akiuza kabichi na viazi vya huku kwetu siku za mnada wa mbuzi, na siku zingine akiuza hapo nje ya chumba alichopanga. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, au miezi miwili ikipita. Akija alikaa siku mbili. Ya kwanza alilala, ya pili alifua nguo zetu zote, hata zile safi. Halafu anaenda, na nyumba inabaki ikinuka sabuni mpaka Jumatano.

Mimi niliacha shule kidato cha pili nikawa kinyozi Majengo, mjini Nyeri. Kazi naipenda. Mtu anaingia amenuna, anatoka anajiangalia kwenye kila kioo cha gari. Lakini sitadanganya, kila nikiona watoto na mifuko ya vitabu moyo wangu unawafuata mpaka kona. Huwa nafikiri iko siku nitarudi nimalizie. Nimeshachagua hata kiti, kile cha karibu na dirisha.

Mdogo wangu alikuwa gredi ya nne na alikuwa hasomi. Herufi alizijua moja moja, kama vile unavyojua watu kwa sura tu bila kuwasalimia. Muhula wa kwanza mwalimu wake wa Kiswahili aliniita akaniambia, "Huyu mtoto akisimama kusoma, anameza sauti. Nyumbani kuna mtu wa kumsikiliza?" Nikasema yuko. Sikuwa na uhakika ni nani, lakini nikasema yuko.

Basi kila Jumamosi nikawa naenda naye kazini. Anakaa kwenye benchi la kungojea, anasoma kwa sauti kitabu chake cha hadithi, na mashine yangu inanguruma. Akikwama, nazima mashine. Wateja walizoea. Mzee mmoja muuza mitumba, jirani yetu pale kazini karibu na msikiti, aliwahi kukaa na nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ina nywele mpaka ukurasa uishe. Nilipotaka kuendelea akanishika mkono.

"Ngoja kwanza, kijana. Huyu sungura aliokoka ama hakuokoka?"

"Mzee, kuna watu wanangoja."

"Wangoje. Hata mimi nimengoja na baridi kwa upande mmoja."

Hivyo ndivyo alijifunza. Muhula wa tatu ulipokaribia kuisha alikuja nyumbani akikimbia, akaniambia ataitwa mbele siku ya kufunga. Zawadi ya aliyeimarika zaidi katika kusoma. Mwalimu amesema mtoto wa zawadi lazima atoke na mzazi wake.

Sasa niseme ilivyo kwetu siku ya kufunga shule. Siku hizi hawasomi namba. Zamani mwalimu mkuu alisoma wa kwanza mpaka wa mwisho, na ukiwa wa mwisho ulisikia jina lako kimya kimeshaingia. Siku hizi ni matarajio: huyu amefikia matarajio, yule amezidi. Lakini wazazi wamekataa kuachana na namba kabisa, wanaulizana chini kwa chini, "Wako amezidi na ngapi?" Na kitu kingine hakijabadilika, ni ngemi. Mtoto akiitwa, mama yake anatoka naye na anapiga vigelegele, tano za mvulana, tatu za msichana, kama vile alivyopigiwa siku ya kuzaliwa. Mama wa mtoto ndiye anaanza, halafu wanawake wengine wanamjibu. Hakuna anayeanza ngemi za mtoto wa mwenzake. Itakuwa ni kama kumwambia umemnyang'anya.

Hii yote mdogo wangu aliijua. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimsikia kitandani akijihesabia kwa mdomo uliofungwa, moja, mbili, tatu.

Asubuhi ilikuwa ukungu, na ule umande wa kwenye majani chai unaolowesha suruali mpaka magotini. Shule ilikuwa imeazima viti vya plastiki kutoka kanisani. Tulikaa safu ya tatu na nikaweka jaketi langu kwenye kiti kimoja katikati yetu.

"Hicho ni cha nani?" mama mmoja jirani akauliza.

Mdogo wangu akajibu kabla yangu. "Ni cha mama yangu. Ametoka Doldol."

"Haiya! Na leo unapewa nini, mrembo?"

"Ya kuimarika kusoma."

"Aah." Yule mama akamgeukia mwenzake, akapunguza sauti lakini si sana. "Hiyo ya kuimarika si ni ya wale walikuwa chini kabisa?"

"Sasa mtu aimarike akitoka wapi?" mwenzake akamjibu. "Akitoka juu?"

Mimi nilicheka. Mdogo wangu hakusikia, alikuwa anaangalia lango. Nikampigia mama, simu ikasema hapatikani. Nikatuma ujumbe. Watoto wa chekechea wakaimba wimbo wa kunawa mikono, mmoja akasahau akaanza kulia, akapigiwa makofi kuliko wote. Nikapiga tena. Hapatikani. Kila mara lango liliposikika, mdogo wangu alinyoosha shingo, na kila mara alikuwa ni mzazi wa mwingine, na viatu vyenye matope, akitafuta pa kukaa. Wawili walitaka kile kiti. Wote wawili aliwaambia yuko njiani.

Ndipo nilipotakiwa kumwambia ukweli. Nilikuwa na muda. Nilikuwa na gredi ya kwanza yote, ya pili yote, na hotuba ya mwenyekiti wa wazazi ambayo haikuwa fupi. Sikusema. Nilikuwa nikiota tu, naona mama akiingia na leso yake ya kijani, anapangusa jasho, kila mtu anageuka. Mimi ni mtu wa kuota. Ndoto zangu huwa nzuri sana, ila wanaozilipia ni wengine.

Mwalimu wa Kiswahili akashika kipaza sauti. Akasoma jina la mdogo wangu na la darasa lake. "Na mzazi wake tafadhali."

Mtoto hakusimama. Aliniangalia. Macho hayakuwa na hasira bado, yalikuwa yananiuliza tu kama kuna kitu ninachojua yeye hajui.

"Twende," nikamwambia.

Tukatoka. Ule mwendo kutoka safu ya tatu mpaka mezani ni hatua kama ishirini hivi, na sijawahi kutembea mbali kama siku ile. Mwalimu akampa beseni jekundu lenye vitabu viwili na kalamu ndani. Makofi yakapigwa, yakaisha. Halafu kikaja kile kimya cha kungojea, kila mwanamke ameshatayarisha mdomo, wote wanatafuta mama yake yuko wapi aanze.

Mdogo wangu alikuwa akiangalia chini, ndani ya beseni.

Nikafungua mdomo nikapiga ngemi mimi.

Mwanamume hapigi ngemi. Hata kujaribu peke yako bafuni hujaribu. Ilitoka kama jogoo aliyekanyagwa. Nikapiga ya pili, ikavunjika katikati. Ya tatu ikatoka sawa kidogo, nikaona nimeweza, na kwa ile hofu nikasahau kusimama, nikaenda ya nne na ya tano.

Uwanja wote ukaanguka kwa kicheko. Mwalimu mkuu aliinamia meza. Nyanya mmoja nyuma akapaza sauti, "Kijana! Umetuzalia mvulana! Huyo ni msichana!" Na akasimama na fimbo yake akaanza upya, ya kwanza, wanawake wakamjibu, ya pili, wakamjibu, ya tatu ikazunguka uwanja mzima. Wale akina mama wawili wa jirani ndio walipiga kwa nguvu zaidi.

Mdogo wangu alicheka na wengine. Alicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha.

Mama alipiga simu tukiwa njiani kurudi, katikati ya majani chai. Gari la kwanza lilijaa mbuzi, akasema, na la pili halikutokea. Amesimama barabarani tangu alfajiri, mtandao ukija ukienda, hata sasa yuko hapo. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Baba," akaniambia, ndivyo anavyoniita, "si nilikwambia nitajaribu?"

Simu yangu inasikika hata ikiwa sikioni. Mdogo wangu akasimama.

"Alikwambia atajaribu?"

"Ndiyo."

"Wewe ukaniambia anakuja."

"Ndiyo. Nilikosea."

 Akaniwekea beseni mikononi na akachukua simu. Nilidhani atalia. Badala yake alitoa ile karatasi ya ripoti kwenye bahasha na akaanza kumsomea mama yote, kutoka juu: jina la shule, muhula, darasa. Kila somo, kila neno la mwalimu, hata yaliyo kwenye muhuri. Alikwama mara mbili tu. Upande ule nilisikia upepo wa Doldol peke yake na mbuzi.

Alipomaliza akasema, "Mama, uko?"

"Niko, mami. Niko."

"Ripoti yako ya kwanza ni hii, nimekusomea. Lakini ya muhula ujao sitakusomea kwa simu. Usijaribu. Ukuje."

 Mama akamwuliza tarehe ya kufungua na tarehe ya kufunga, na nikamsikia akimwomba mtu hapo kando ya barabara kalamu.

Mdogo wangu akazitaja pole pole, akarudia mara ya pili, akamwambia mama azisome yeye sasa, ahakikishe ameandika vizuri.