Wino Mwekundu wa Jeilani

Mwaka 1954 Jeilani wa Siyu alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, na kazi yake ilikuwa kunakili barua katika ofisi moja ya serikali mjini Amu, yaani Lamu. Alikuwa mtu wa maneno machache na hati nzuri. Kama ilivyo ada ya mji, aliishi nyumbani kwa wakweze, pamoja na mkewe Saadiya, binti yao Hadia wa miaka mitano, na mama mkwe wake, Bi Umulkheir.

Mwaka huo alitaka kufanya mtihani wa ukalimani. Karani mkuu, Bwana Kamaludin, alimcheka mbele ya wenzake.

"Wewe Jeilani, Kizungu chako kina neno moja tu. Nyumba *big*, mvua *big*, kosa *big*. Mtahini akija kutoka Mombasa utamwamkiaje, Bwana Big?"

Basi akaanza kukusanya maneno yenye maana moja, akayaita ndugu wa tumbo moja. Kila siku baada ya sala ya alfajiri aliandika neno na nduguze, akayasoma kwa sauti mpaka yakakaa, kisha akayaosha. Ndivyo alivyohifadhi Kurani chuoni Siyu, kwa ubao unaoandikwa na kuoshwa, na hakujua namna nyingine ya kutia kitu kichwani. Pale nyumbani hapakuwa na ubao. Alitumia sahani moja nyeupe kati ya zile zilizopangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Wino wake ulikuwa mwekundu, wa unga wa kukoroga na maji, mabaki ya kopo alilopewa ofisini. Na maneno hayo ya Kizungu aliyaandika kwa harufi za Kiarabu, kwa kuwa harufi za kizungu zilimchanganya matamshi.

Jumatano moja mwezi wa Machi, Hadia alikuwa na homa ya siku ya pili. Saadiya alikuwa ndani na kichanga cha siku tisa, hajatoka arobaini, kwa hiyo mgonjwa aliuguzwa na bibi yake. Bi Umulkheir alikuwa ameomba kombe kwa Mwalimu Badawi: aya zinazoandikwa kwa wino mwekundu wa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Mwalimu aliahidi kulipeleka kabla ya adhuhuri.

Asubuhi hiyo Jeilani aliandika *huge*, *vast*, *enormous*, yote maneno ya ukubwa. Alikuwa amechelewa kazini. Akairudisha sahani kidakani bila kuiosha, ili ayapitie tena mchana.

Aliporudi aliikuta sahani imefudikizwa kando ya birika, nyeupe pe. Akauliza ni nani aliyeiosha.

"Kombe la Mwalimu limefika," Bi Umulkheir akamjibu kwa furaha. "Wameliweka zidakani wala hawakunambia. Nimemnywesha lote, hakubakisha tone."

Mbele ya mama mkwe wake Jeilani alizoea kuinamisha macho na kusema kidogo; aliyainamisha na sasa. Alipanda juu akalichukua kopo la wino. Ubavuni paliandikwa maneno matatu: *Injurious if swallowed*. Mawili ya mwisho aliyajua, yalisema endapo kitamezwa. La kwanza hakulijua. Alilijua *dangerous*, la hatari, alimjua na nduguye *perilous*, lakini huyu hakuwahi kukutana naye. Labda maana yake ni kuumwa tumbo. Labda ni kufa.

Akatoka mbio kuelekea ofisini, kwenye kamusi ya Bwana Kamaludin. Kopo alilibana kwapani. Alikuwa amefika kona ya pili alipotambua anachokifanya. Akiijua maana, wino hautatoka tumboni mwa mtoto. Akageuka.

Bi Umulkheir alikuwa amempakata Hadia, anampepea. Jeilani alisimama mlangoni.

"Mama, lile halikuwa kombe. Ni maandishi yangu mimi. Ni wino wa ofisi, na kopo linasema usinywewe."

"Mbona niliona harufi za Kurani?"

"Ni Kizungu. Nilikiandika kwa harufi hizo."

Bi Umulkheir aliacha kupepea. "Na mimi nimeusomea Fatiha," alisema taratibu. Kisha akalivuta buibui lake. "Shika ndia, twende."

Njiani hakukubali kupokewa mtoto. Walipoukaribia mlango wa hospitali Hadia alitapika, na matapishi yalikuwa mekundu. Yalimwenea bibi yake kifuani. Bi Umulkheir alikaa chini pale pale, akatoa shahada kwa sauti ya chini. Jeilani aliona wekundu ule akajua amemuua mwanawe.

Dresa Madi, msaidizi wa tabibu pale hospitalini, aliwaingiza ndani. Alichovya pamba kwenye yale matapishi, akaifinya, akainusa. Akasema damu huganda, na hii haigandi, ni wino. Alilisoma kopo, akauliza mtoto alikunywa kiasi gani na saa ngapi. Kisha akampa maziwa kidogo kidogo, na baadaye dawa ya homa. Kama atakaa na maziwa bila kuyatapika mpaka alasiri, alisema, basi hapana neno. Zaidi ya hapo hakutaka kuahidi.

Wakasubiri kwenye benchi, Bi Umulkheir ncha hii, Jeilani ncha ile. Kila mtoto alipokohoa Jeilani aliinuka, akakaa tena. Alijaribu kuomba dua, akasahau katikati dua aliyoijua tangu utoto. Alasiri ilipoadhiniwa alisali pale pale ukumbini, na alipotoa salamu aligeuka haraka kumtazama Hadia. Maziwa yalikuwa hayajatoka. Jasho lilimtoka mtoto shingoni, akaomba maji, akalala.

Madi alimgusa paji la uso, akasema mtoto yuko salama, ila wasimwondoe mpaka jua litue.

Bi Umulkheir alisogea kwenye benchi mpaka alipokaa Jeilani.

"Mpokee," alisema. "Mkono wangu umekufa ganzi."

Jeilani akampokea. Alikaa hivyo, mgongo wima, bila kujisogeza hata nzi alipomtua puani, akihesabu pumzi za mtoto, na kila pumzi ilipotoka aliiogopea ile inayofuata.