Bandeji ya Siku ya Kliniki

Mkono wangu wa kulia ulianza kuvimba mwaka mmoja baada ya kuchomwa. Sisi wagonjwa tulisema kuchomwa. Madaktari walisema mionzi. Nilikuwa nimekatwa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, kisha mashine ikanichoma ubavu huo mpaka ngozi ikawa nyeusi kama sufuria ya kuni. Ikapona. Nikarudi nyumbani Mutuini, nikashika jembe, nikasema hayo yameisha. Halafu asubuhi moja sweta ikakataa kuingia.

Haukuuma. Watu waliniuliza kama unauma na niliposema hapana walidhani najikaza. Ulikuwa mzito tu, na vidole viwili vya mwisho havikuwa na habari ya kitu chochote. Nilishika mfuniko wa moto nikajua kwa harufu. Na mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo siku hizo. Mchungaji alikuja kuniombea, nikaitikia amina pale pa kuitikia. Akina mama wa kanisa walilia sebuleni kwangu, nikawaongezea chai.

Shida yangu ilikuwa ng'ombe. Nilikuwa na mmoja tu, wa gredi, wale wa kisasa wa maziwa mengi, niliyemlea tangu ndama kwa chupa, na hakukubali mkono mwingine isipokuwa wangu. Mke wa mwanangu alikuwa akifanya kazi jikoni kwa watu fulani huko Spring Valley, na ilibidi atoke mapema. Alijaribu kumkamua kabla ya kuondoka. Ndoo ilipigwa teke ikafika kwenye majani ya nepia ya kulishia.

"Mama, huyu ng'ombe ana dharau," akasema, sketi ikichuruzika maziwa.

"Mwimbie kidogo."

"Nimwimbie? Nimechelewa kazi, ati nimwimbie! Yeye ni bibi harusi?"

Basi nikawa namkamua kwa mkono wa kushoto peke yake. Ng'ombe wa gredi hakamuliwi kwa mkono mmoja. Anachoka kusimama, anajifunga, maziwa yanabaki ndani, na maziwa yakibaki ndani ng'ombe anaugua. Mwanangu aliona. Hakunigombeza. Alisema, "Mama, tungoje baridi iishe. Mkono ukikataa, tumpe yule wa bucha." Yule wa bucha alikuwa ameshapita kutoka Dagoretti, akasimama uani, akamtazama ng'ombe wangu mapajani jinsi wanavyotazama wao.

Nikasema sawa. Sikubishana. Lakini mwaka ule hakuna kitu nilichotaka duniani isipokuwa kumkamua ng'ombe wangu kwa mikono miwili, na hilo sikumwambia mtu.

Pale nilipochomewa waliniambia kuna madaktari wanafanya utafiti wa mikono iliyovimba baada ya mionzi. Vyumba vyao vilikuwa mjini, juu ya duka la miwani. Daktari mwenyewe alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa baada ya kitinda mimba wangu. Aliketi karibu nami, akaniita shosho kama bibi yake, akanieleza kwa mkono wake mwenyewe, akipitisha kidole kutoka kiganjani kwenda juu.

"Shosho, mwilini kuna maji yanayopita kwenye njia zake ndogo ndogo, kama mitaro ya shamba. Upasuaji ulikata mitaro mingine, na mionzi ikakausha iliyobaki. Maji yakifika kwapani hayana pa kupita, yanarudi mkononi."

"Na dawa iko?"

"Hatujui kama hii bandeji inasaidia watu wetu. Ndiyo tunataka kujua."

Nilimpenda kwa hilo. Sikuwa nimewahi kusikia daktari akisema hajui.

Kila mmoja wetu alichagua bahasha. Wengine wangefungwa bandeji, wengine wangefundishwa tu kunyoosha mkono na kutunza ngozi, halafu walinganishwe. Mimi nikatoa bandeji. Mwanamke aliyeketi kando yangu akatoa ile nyingine. Alikuwa mtu wa magharibi ya nchi, mkaazi wa Kawangware, muuzaji wa nguo za watoto za mitumba, na mkono wake ulikuwa umevimba kuliko wangu.

"Ninyi watu wa milimani," akaniambia, "hata bahasha inawajua!"

Jina lake ninalo, na la baba yake, na majina ya watoto wake wote kwa kufuatana. Nakumbuka jina la kila aliyekaa kwenye lile benchi. Siyaandiki kwa sababu wengine hawakuwa wameambia hata waume zao kilichowapeleka mjini.

Nesi alinifundisha kufunga: unaanzia vidoleni, unakaza kule chini, unalegeza ukipanda, mpaka kwapani. Nilipewa bandeji mbili. "Moja unavaa, nyingine unafua," akasema. "Usikae bila." Nikaitikia. Nilisoma ngumbaru nikiwa mtu mzima, kwa hivyo nikifundishwa husikiliza sana. Nilipofika nyumbani moja nikaifunga mkononi, nyingine nikaiweka sandukuni, chini ya kitambaa changu cha kichwa cha chama cha akina mama.

Nikaanza kuvaa. Bandeji ilikuwa inakata nepia na mimi, inafagia zizi na mimi, inalala na mimi. Baada ya muda nikaona mikunjo midogo kwenye kiwiko, ile mikunjo ya ngozi iliyokuwa imepotea. Sweta ikaingia mpaka nusu ya mkono.

Lakini kliniki hapakupimwa kwa sweta. Walikuwa na mtungi mrefu wa plastiki uliojazwa maji pomoni, wenye mdomo pembeni. Tuliuita kisima. Unaingiza mkono polepole, maji yanamwagika kwenye jagi, na maji yaliyomwagika ndiyo ukubwa wa mkono wako. Kila nilipoingiza wangu maji yalimwagika kama mwanzo. Daktari aliyatazama, akanitazama.

"Shosho, unafunga kila siku?"

"Kila siku."

Na nilikuwa nafunga. Nilirudi Mutuini nikijiambia kwamba macho yangu ya uzee ndiyo yanayoona mikunjo isiyokuwepo. Daktari ana kisima, mimi nina sweta. Nani ataaminiwa? Nikaacha kuangalia kiwiko.

Baridi ikashika, ile ya Julai inayotoka Ngong na kuingia mpaka kwenye blanketi. Daktari akatuambia wazi kwamba wenye bandeji na wasio na bandeji walikuwa wakitoka sawasawa, na ikiendelea hivyo angeketi na wakubwa wake waamue kama kuna haja ya kuendelea kutufunga. Mimi nilifikiria yule wa bucha na macho yake. Sikuhisi huzuni. Nilihesabu tu kwamba Agosti ikiisha atakuja na kamba.

Siku ya kupimwa tena, nikiwa nimeketi kwenye benchi, yule wa Kawangware aliushika mkono wangu akaugeuza kama anayenunua kitambaa.

"Woi! Mama, hii bandeji ni nyeupe kama shuka ya harusi. Wewe unafanya kazi kweli, ama unakaa kwa kiti unaangaliwa?"

"Hii ni ya kliniki."

"Ya kliniki namna gani?"

"Ile ya nyumbani ina mavi ya ng'ombe na utomvu wa ndizi. Nitaileta hiyo mbele ya daktari?"

"Aka! Kwa hivyo mpaka bandeji iko na ya kanisa na ya shamba!"

"Na nguo zako je? Unakuja mjini na ile unachotea maji?"

Mwingine, mwalimu mstaafu ambaye kwa kawaida hakusema lolote isipokuwa habari ya asubuhi, akainua mkono wake. Bandeji yake ilikuwa bado na alama za kukunjwa. "Mimi hii nimeifunga hapo chini kwenye ngazi," akasema. "Nikiivaa nyumbani inashika vumbi." Benchi lote likacheka.

Nesi alikuwa mlangoni. Hakucheka. Alirudi ndani, akatoka na daktari, na daktari akachuchumaa mbele yangu katika koti lake jeupe.

"Shosho, ile ya nyumbani umeivua lini?"

"Juzi. Niliiloweka kwa sabuni ya unga. Baridi hii, haiwezi kukauka kwa siku moja."

"Na hii umeivaa lini?"

"Leo, nikitoka. Ningeivaa jana si ingelala na mimi ikunjike?"

"Kwa hivyo mkono umekaa wazi tangu juzi."

"Umekaa msafi," nikamwambia. "Niliuosha kwa maji ya moto, nikaupaka mafuta. Nilikuwa nakuja kwako."

"Msafi!" akarudia yule wa Kawangware, akapiga paja lake. "Daktari, wanakuheshimu mpaka wanavimba!"

Daktari aliuliza mmoja mmoja. Kila mwenye bandeji alikuwa na yake ya siku ya kliniki, na aliivua ile ya kazi mapema ili afike akiwa mtu. Mikono ilikuwa imepata siku nzima na zaidi ya kujaa tena, halafu ndipo ikaletwa kisimani. Nilidhani atatukasirikia. Aliinuka, akakosa pa kwenda, akaketi kwenye benchi katikati yetu.

"Mama yangu angefanya vivyo hivyo," akasema.

Halafu akatuambia kwamba vipimo vilivyopita haviwezi kufutwa, vitabaki vilivyo na ataeleza sababu. Leo hatapima. Tungerudi siku nyingine, na tungerudi na bandeji tuliyolala nayo, vile ilivyo.

"Mje wachafu," akasema.

"Mjini, daktari?" akauliza mwalimu.

"Mjini."

Yule wa Kawangware akaninyooshea mkono wake mzima. "Basi mama, nipe mimi hiyo nyeupe. Si sasa haina kazi?"

"Hapana, mama," daktari akasema haraka. "Wewe bahasha yako ilitoa ile nyingine. Mkichanganya hatutajua kitu. Ikionekana inasaidia, mtapewa nyote."

"Bahasha, bahasha. Mkono wangu haujui kusoma bahasha."

Alisema akicheka, lakini ule uliovimba alikuwa ameuweka mapajani na kuufunika na leso. Mimi nilitazama ukuta.

Siku niliyorudi sikuvua kitu. Asubuhi nilisafisha zizi, nikalisha, nikafunga kitambaa changu kizuri kichwani, nikatoka na ule mkono wa rangi ya udongo. Mke wa mwanangu alikuwa ameomba ruhusa kazini anisindikize. Kule mjini alitembea hatua kadhaa mbele yangu.

"Unanikimbia?"

"Sikimbii, mama. Nafungua njia." Kisha akageuka. "Lakini kwa kweli unanuka boma."

Kwenye lifti bwana mmoja wa tai alijibanza pembeni. Nilimwacha ajibanze.

Nesi alifungua bandeji kwa upole, kana kwamba ilikuwa safi, nami nikaingiza mkono. Maji yakamwagika, yakaacha. Nesi akatazama jagi, akamwita daktari, wakaniomba nikaushe nirudie. Yakaacha palepale.

"Umeshuka, shosho," daktari akasema. Akaongeza, kwa sababu alikuwa mkweli, kwamba kipimo kimoja si utafiti.

Nikasema ahsante. Nilijua ningepaswa kufurahi na nilingoja furaha ije, tangu lifti mpaka Mutuini. Mwanangu nilimwambia jioni. Alisikia, akasema yule wa bucha ataambiwa angoje, lakini si sana.

Utafiti wenyewe ulichukua muda. Ulipokwisha walituita, wakasema bandeji inasaidia, ingawa haiponyi, na ukiiacha mkono unarudi. Waliotoa bahasha nyingine wakafungwa nao. Mkono wa yule wa Kawangware ulikuwa umekaa sana bila, ngozi imekuwa ngumu kama ganda, na ulishuka kidogo tu. Hilo la vidole vyangu nililiuliza pia. Daktari alisema mionzi iligusa mishipa ya fahamu, na hiyo bandeji haiwezi kuifikia.

Lakini ng'ombe hakungoja utafiti uishe. Agosti ilikuwa inaelekea mwisho nilipobeba ndoo mwenyewe asubuhi moja. Mke wa mwanangu alikuwa ameshavaa, mkoba begani. Akanifuata zizini, akasimama.

Niliosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, nikaketi kwenye kigoda, nikaweka paji la uso ubavuni mwa ng'ombe. Alisimama. Mkono wa kushoto ulishika chuchu ukaijua. Wa kulia sikujua kama umeshika chuchu au hewa. Nikaubana jinsi nilivyokumbuka kubana, kutoka juu kwenda chini, kidole baada ya kidole, na nikasikiliza. Upande wa kushoto ukalia kwenye bati. Kisha wa kulia, kwa sauti nyembamba zaidi. Kisha wa kushoto.

"Yanatoka?" nikauliza.

"Yanatoka, mama. Si unaona?"

Nilikuwa naona. Ni kwamba hayakuwa yakitoka mkononi mwangu, yalikuwa yakitoka tu. Nikabana tena, nikasikiliza tena.

"Nenda kazini," nikamwambia. "Utachelewa."