Keki ya Magadi

Sukari inapokaribia kuungua ina harufu yake. Si tamu wala si chungu, iko katikati, na hudumu kitambo kidogo tu kabla haijageuka moshi. Kila Desemba, nikirudi kutoka mashineni nikiwa mweupe kwa unga hadi kwenye kope, naikuta harufu hiyo imejaa uchochoro wetu wa Lizaboni, hapa Songea. Wanawake wamebandika sufuria barazani, wanakaanga karanga na kuchemsha sukari, na watoto wamechuchumaa kando wakisubiri makombo ya kashata. Wenzangu wakiinusa wanafurahi kwamba sikukuu imefika. Mimi hapana. Natafuta pa kukaa kwanza, hata kama ni juu ya tofali, halafu ndipo naendelea na njia.

Nivumilie kidogo nikueleze kwa nini.

Mama alifariki mwezi wa sita, katika baridi kali, baba akiwa ametangulia miaka mitatu nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Shule nilikuwa nimeshaiacha nikiwa kidato cha pili, tangu mama alipozidiwa, maana ilibidi mtu ashinde nyumbani, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nyuma yangu alikuwepo Tekla wa miaka kumi na mmoja, Kanisi wa minane, na Sesi wa minne, ambaye kwa wiki kadhaa aliendelea kumwekea mama kijiko wakati wa kula. Hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu za kumkataza.

Siku ya kuanua matanga, wazee wa ukoo walikaa sebuleni, sisi watoto tukawekwa jikoni. Katikati palikuwa na ukuta mmoja wa tofali mbichi, kwa hiyo tulisikia kila neno. Tuligawanywa. Tekla angeenda kwa shangazi Maposeni, Kanisi kwa baba mdogo Mbinga, na Sesi kwa mama mkubwa Namtumbo. Kuhusu mimi walisema, "Huyo ni mkubwa, atajitafutia." Shangazi huyo, dada yake baba, ndiye aliyepewa kazi ya kuja kuwachukua wenzangu.

"Waacheni wapitishe Krismasi kwanza," nilimsikia akisema. "Nitakuja siku hiyohiyo, baada ya misa."

Tekla aliniangalia. Hakulia. Alisema tu, "Kaka, usikubali," kana kwamba kuna mtu alikuwa ameniuliza.

Nilikaa na maneno hayo miezi sita, nikilima, nikibeba tofali za watu, nikifua nguo za shule za wenzangu. Katika kufikiri kwangu kwa kitoto nikapata njia. Kama shangazi angefika siku ya Krismasi akaikuta nyumba kama mama alivyokuwa akiiweka, angeona kwamba hakuna kilichoharibika, na asingekuwa na sababu ya kumchukua mtu. Na Krismasi ya mama ilijulikana mtaa mzima kwa keki. Mama alioka keki mbili kubwa, akazikata, akapanga vipande kwenye sahani, na sisi tukazibeba zikiwa zimefunikwa vitambaa hadi kwa majirani, Wakristo kwa Waislamu. Kwetu sahani ya sikukuu hairudishwi ikiwa tupu, basi tulirudi nazo zina visheti, maembe, pilau, chochote ambacho mwenye nyumba alikuwa nacho. Nyumba iliyotoa sahani ilikuwa nyumba yenye watu. Nilitaka shangazi azione zikitoka.

Tarehe ishirini na nne asubuhi, mvua ilipokatika, nilianza kazi. Nilikuwa nimemwona mama akiifanya mara nyingi. Unatandaza mchanga mkavu katika sufuria kubwa na kuiweka jikoni mpaka mchanga upate moto sawasawa. Wakati huo unakoroga robo kilo ya siagi na robo kilo ya sukari kwa mwiko, mpaka mkono uchoke na siagi iwe nyeupe. Unatia mayai sita, moja moja. Unakwangua ganda la limau, maganda ya njano tu, ukifika kwenye weupe unaacha. Unamalizia kwa nusu kilo ya unga wa ngano uliochanganywa na unga wa kuumulia vijiko viwili. Sufuria ndogo inaingia ndani ya kubwa, inafunikwa kwa bati, na juu ya bati unapanga makaa. Ni keki rahisi. Mtu mwenye subira na mkaa mkavu hawezi kuikosa.

Nilikorogea nje, chini ya upenu. Vijana wenzangu waliokuwa wakienda kucheza mpira wakasimama kwenye ua wa miti.

"Gaude, kanga utavaa saa ngapi?" mmoja akauliza.

"Nikimaliza kupika nitaazima ya mama yako," nikamjibu.

Walicheka wakaenda zao. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu mayai.

Sasa sikiliza lilipotokea kosa. Mama hakuandika neno juu ya kopo lolote jikoni kwake. Kopo la bluu lilikuwa la unga wa kuumulia, na kopo la kijani la magadi yaliyotwangwa, ya kulainishia kisamvu na maharage. Lakini wakati wa msiba wanawake wa mtaa walipika katika jiko lile siku nne. Walifungua, wakamimina, wakafunika, wakarudisha vitu walipoona panafaa. Ulikuwa wema mtupu. Ila walilihitaji kopo la kijani kwa chumvi, na magadi wakayamimina katika la bluu, juu ya kile kidogo kilichokuwa kimebaki. Mimi nilifungua la bluu, nikaona unga mweupe, nikachota vijiko viwili vilivyojaa.

Keki iliumuka vizuri sana, hilo siwezi kulikana. Nilipoinua bati, ilikuwa imevimba kama mto. Rangi ndiyo iliyonishangaza. Ilikuwa ya manjano yenye ukijani, na ndani ilikuwa ya kahawia kama udongo wa shamba letu. Tukaizunguka wote wanne. Kanisi akasogeza pua.

"Kaka, inanuka mboga."

"Onja kwanza."

Akaonja. Akatafuna polepole sana, akitazama juu ya paa. "Hii," akasema, "tunakula na chai au na ugali?"

Tekla alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikampiga Kanisi kibao cha shingoni, kibao ambacho hakustahili, na ambacho nimemwomba radhi mara nyingi tangu hapo. Nilionja mwenyewe. Ilikuwa na ladha ya sabuni ya mche iliyowekewa sukari. Mayai yalikuwa yamekwisha, siagi imekwisha. Niliichukua keki, nikaifungia chumbani kwenye sanduku la nguo, halafu nikakaa kwenye kizingiti. Nakumbuka niliona vizuri kabisa jinsi Sesi atakavyobebwa mgongoni kesho yake, akigeuka kuniangalia.

Mama Shani ndiye aliyenikuta pale. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Myao wa Nakapanya aliyeolewa huku kwetu, na alikuja kuomba kaa la moto. Aliuliza kuna msiba gani tena. Kanisi akamweleza, bila kuniuliza.

"Umetia magadi, mwanangu," Mama Shani alisema. Alijitahidi kuuma midomo, lakini mabega yalikuwa yanamtetemeka. "Subhanallah. Basi hiyo keki itakuwa imeiva mpaka mifupa. Sukari ipo?"

"Ipo kidogo."

"Karanga?"

"Zipo."

"Basi una nini cha kulia? Inuka. Keki ina mambo mengi, kashata haina mambo. Tekla, kaanga karanga, zipete maganda. Wewe Gaude bandika sukari na maji nusu kikombe, na ukishabandika usimwangalie mtu. Akikuita mtu, kiziwi. Nyumba ikiungua, iache iungue. Angalia sukari."

Niliangalia sukari. Ilichemka, ikatoa mapovu makubwa, kisha madogo, ikaanza kuwa na rangi ya chai. Ndipo ile harufu niliyokuambia ikaja, na Mama Shani akasema kwa sauti ya chini, "Sasa." Tukamwaga karanga, tukakoroga, tukamimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, tukazisawazisha kwa chupa na kuzikata haraka kabla hazijawa ngumu. Nilijiunguza vidole viwili. Mpaka alasiri tulikuwa na kashata za kutosha sahani sita.

Krismasi asubuhi tulienda misa, tukarudi, nikatandika kitambaa cha mama mezani. Shangazi alifika akitembea kutoka stendi, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alikuwa mwanamke mrefu, asiye na maneno mengi, na siku ile alikuwa na machache zaidi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo."

Alikaa. Alitazama kitambaa, akatazama nywele za Sesi ambazo Tekla alikuwa amezisuka tangu jana yake. Nikampa kashata, akaiweka kwenye kiganja bila kuila. Nikaanza kutoa sahani, Tekla na hii, Kanisi na ile, nikiwaagiza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Hiyo ya Mama Shani, mwambie tunamsalimu. Hiyo ya mzee wa kinu, mpe kwa mikono miwili."

Katika pilikapilika hizo nilimsahau Sesi. Nilipogeuka, alikuwa anatoka chumbani amekumbatia keki, gauni lake limejaa makombo.

"Shangazi, kaka amepika keki," akasema. "Ameificha."

Nilitaka ardhi ifunguke. Shangazi aliomba kisu. Akakata kipande, akala. Uso wake haukubadilika. Nikaanza kueleza habari za makopo, akanyanyua mkono ninyamaze. Akakata cha pili. Akala akitazama sakafu, taratibu, bila chai, bila maji. Sahani zikaanza kurudi: korosho kutoka kwa Mama Shani, matunda ya porini ya masuku, wali, nusu kuku. Akakata cha tatu.

Alipomaliza alijifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Gaude," akasema, "mimi naona hawa wakae na wewe. Nyumba hii inakwenda. Wazee nitaongea nao mwenyewe."

"Ndiyo, shangazi," nilijibu, kama mtu mzima. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikashika mti wa ua kwa mikono yote miwili na kucheka peke yangu. Nilikuwa nimeshinda. Nilimshinda shangazi, ukoo mzima, hata magadi.

Ushindi huo ndio uliofanya kazi miaka yote iliyofuata. Nilibeba magunia mashineni mpaka bega moja likashuka. Tekla alisoma, sasa ni muuguzi. Kanisi ni fundi umeme. Mchumba niliyekuwa naye alinisubiri miaka minne, akachoka, na sikumlaumu. Kila nilipoamka mwili ukiwa hautaki, nilijiambia, wewe ndiye uliyewataka hawa, uliwapigania ukawapata, sasa inuka. Nami nikainuka.

Mwaka huu, baada ya Sesi kuolewa, nilienda Maposeni kumsaidia shangazi kupukuchua mahindi. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini vidole bado vinajua kazi. Tulikaa uani mchana, rundo la mahindi katikati yetu.

"Ile keki yako," alisema ghafla. "Ile ya kisamvu."

"Ulikula vipande vitatu, shangazi. Nilidhani umeipenda."

"Nani apende kile kitu? Nilirudi nikaumwa tumbo siku mbili." Alitupa gunzi pembeni. "Nilikuwa nakula nisije nikasema."

"Useme nini?"

Alipukuchua hindi moja zima kabla hajajibu. Baba mdogo alikuwa ameleta habari kwamba hana nafasi. Mama mkubwa vilevile. Na mume wa shangazi, marehemu sasa, alimwambia asithubutu kuleta mdomo mwingine katika nyumba ile. "Nilikuja Songea kuwaambia kwamba hakuna anayewachukua. Njia nzima nayapanga maneno. Nikafika nikakuta mmejipaka mafuta, wewe unagawa sahani kama baba wa watu. Nikaona, huyu mtoto anaogopa tutawachukua. Basi nikakuachia hivyohivyo."

Nilichukua hindi jingine. Nilikuwa natafuta hasira, kwa sababu nilihisi inanipasa kuwa nayo, na sikuipata. Nilichokiona ni yule kijana wa miaka kumi na mitano nyuma ya nyumba, anacheka. Kama angeambiwa siku ile kwamba wametupwa, yeye na wadogo zake watatu, sidhani kama angeamka kesho yake. Mzigo ungekuwa uleule, lakini asingeuinua. Shangazi hakuwa na chakula cha kutupatia wala chumba, akatupatia kile alichoweza, na kwa miaka yote hiyo sikujua kwamba ushindi ule nilipewa.

"Mbona unaniambia leo?" nikamuuliza.

"Kwa sababu Sesi ameshaolewa," alisema. "Umemaliza."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo. Nililaza kichwa juu ya gunia la mahindi, mchana kweupe, nikasinzia, na nilimsikia shangazi akiendelea kupukuchua taratibu, asiniamshe.