Gari la Mwalimu wa Jiografia

Mtaani kwetu Nguba, kando ya ziwa Kivu, Papa Edouard alijulikana kwa mambo mawili: alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, na alikuwa na gari lisilokwenda popote.

Lilikuwa gari zuri la Ulaya, la dizeli, lenye turbo. Mtaalamu mmoja wa kilimo alimwachia mwaka wa 1991, wageni wengi walipokuwa wakiondoka nchini, kwa kumshukuru kuwafundisha watoto wake. Kompteri, ile saa ya kuhesabu mwendo, ilionyesha kilomita elfu kumi na nane. Papa Edouard alilifunika shuka, na miaka iliyofuata akalitoa siku za Pasaka na Noeli tu, mpaka kanisani na kurudi.

Kisha vita ikaja. Oktoba 1996, wanajeshi waliokuwa wakikimbia mji walichukua kila kitu chenye magurudumu. Papa Edouard alikuwa amekwisha kufungua magurudumu yake manne na kuyatia chini ya kitanda. Kwa mikono yake mwenyewe alijenga ukuta wa matofali ya udongo mbele ya gereji, akaacha upenyo wa mtu mmoja kupita kwa kujikunja, na mbele ya ukuta akaweka banda la kuku. Wanajeshi wakaja, wakachukua kuku. Vita ya pili, 1998, wakaja wengine, wakachukua kuku wengine. Gari likabaki.

Kila asubuhi, jirani alipowasha mashine yake ya kusaga mihogo, Papa Edouard aliingia kwenye upenyo ule na kuwasha injini. Kelele ya mashine iliificha ya gari. Alihesabu dakika tano kwa saa yake ya mkono, kwa kuwa mafuta yalikuwa adimu, kisha akazima. Alifanya hivyo zaidi ya miaka sita, na alitoka mle kifua mbele kama mtu aliyekwisha kufanya mazoezi.

Mkewe, Maman Madeleine, alikuwa na mama yake mzee kule Kasha, mwisho kabisa wa mji. Alikwenda kumwona kila juma la pili, kwa miguu.

"Miye niko na motokari ya turbo," alituambia, "lakini kilometre ni miguu yangu njo inafanya."

"Madeleine," mumewe alimjibu, "moteri yenye haitembei haizeeke."

Katikati ya mwaka 2003, serikali ya pamoja ilipoundwa Kinshasa na watu wakaanza kupumua kidogo, yule mama mzee, ambaye sote tulimwita Koko, alianguka akaumia nyonga. Hakuweza tena kufika kanisani. Maman Madeleine alirudi kutoka Kasha jioni ile, akasimama mbele ya mumewe.

"Mwezi huu mama ataenda ku misa. Ama na motokari, ama na mugongo yako. Chagua."

Papa Edouard akachukua nyundo.

Sisi majirani tulikuja kumsaidia kubomoa ukuta. Magurudumu yakatoka chini ya kitanda. Ilikuwa alasiri, mashine ya mihogo imenyamaza, na Papa Edouard akawasha injini yake mbele ya mtaa mzima. Ikalia kacha-kacha-kacha, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya sufuria. Hakuna aliyekuwa ameisikia peke yake miaka yote ile, hata yeye mwenyewe. Alizima haraka, akatutazama kana kwamba mmoja wetu ndiye aliyepiga kelele.

Wakamwita Bintu, fundi wa Kadutu, mwanamke aliyejifunza kazi kwenye karakana ya malori ya chai. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Papa Edouard, ambaye alimpa tisa juu ya ishirini kwa kuchora ziwa Tanganyika kaskazini ya ziwa Kivu, ilhali liko kusini. Bintu alivuta kijiti cha kupimia mafuta ya injini, akanusa, akapaka tone moja kidoleni. Lilikuwa jeusi, zito kama lami.

"Papa, hii huile ulibadirisha lini?"

"Nibadirishe kwa nini? Haijatembea."

"Lini, Papa?"

"Noeli ya quatre-vingt-quinze."

Bintu alihesabu kwa vidole miaka tangu 1995: saba na zaidi. Alifungua kifuniko cha juu cha injini, akamwita asogee. Pale palikuwa na mnyororo unaotoka chini kwenda juu, ule unaofungua vali kwa wakati wake. Bintu aliubonyeza kwa kidole, nao ukabonyea kama kamba ya kuanikia nguo. Kisha akaizungusha injini kwa mkono, polepole, mpaka alama ya chini ikakaa mahali pake. Alama ya juu ilikuwa imechelewa.

"Unaona? Munyororo imerefuka."

"Haiwezekani. Elfu kumi na nane na mia tano!" Papa Edouard alikwenda kuangalia kompteri tena, huenda ilikuwa imebadilika.

"Munyororo haijue kompteri, Papa. Inajua huile, na mara ngapi unaiamusha. Asubuhi moteri iko baridi, huile haiyafika juu, chuma inakula chuma. Ile dakika tano yako haitoshe hata kuipasha moto. Masizi inaingia mu huile, ile huile inakuwa musasa. Na kile chuma kidogo chenye kinakaza munyororo kinasukumwa na huile hiyo hiyo. Umeiamusha mara elfu mbili, hata siku moja hauiache itoke."

"Na kama ingekatika?"

"Pistoni na vali zingegongana. Moteri ingekuwa kwisha, pale pale ku mupando ya Bagira, njia ya Kasha." Akafuta mikono. "Neuf sur vingt, Papa. Tisa, kama ile yangu."

Maman Madeleine alicheka mpaka akaketi juu ya tofali.

Mnyororo mpya ulipatikana Kigali, naye aliyeuleta alikuwa mdogo wake Madeleine, Masœur Lucie, mtawa aliyekuwa akirudi kutoka mafungo. Kwenye mpaka wa Ruzizi mtu wa forodha alifungua mkoba wa mtawa, akashika kile kitu kizito kilichofungwa kwa gazeti.

"Masœur, hii ni nini?"

"Ni rozari ya motokari."

Akampitisha. Masœur Lucie alikosa usingizi juu ya jambo hilo, akaenda kuungama. Padri alicheka kwanza, ndipo akampa Salamu Maria tatu.

Bintu alifanya kazi siku mbili. Papa Edouard alikaa karibu juu ya kigoda, mpole kuliko tulivyomzoea. Siku ya pili, mkewe alipomletea chai, alisema bila kumwangalia:

"Mule ndani sikuwa nakaa bure. Kila asubuhi nilishika usukani, nilienda. Siku moja Walungu, siku ingine Kamanyola. Uvira nilifika mara mingi."

Maman Madeleine alikuwa amefungua kinywa ili amtanie. Akakifunga, akamwekea sukari ya tatu.

"Hii mupya itaishi miaka ngapi?" Papa Edouard alimwuliza Bintu.

"Ukibadirisha huile, ukiitembeza mbali, itatuzika siye bote. Ukiifungia tena, utaniita."

Jumapili yeye na mkewe wakaondoka kwenda Kasha. Papa Edouard aliendesha taratibu hivi kwamba wanawake wenye vikapu walimsalimu, wakampita. Walipokaribia Bagira palikuwa na kizuizi, na askari kijana akainua mkono. Papa Edouard aligandamana na usukani.

"Muzee, motokari mupya hivi, ilitoka wapi?"

"Ku... ku banda ya kuku," akasema, maana ndilo jibu pekee lililomjia.

Askari alimtazama sana. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaketi na bunduki yake magotini. "Munipeleke pale juu."

Barabara ilipanda. Kwa hofu, Papa Edouard alikanyaga mafuta zaidi ya alivyowahi kukanyaga maishani, turbo ikaamka, na gari likawasukuma wote migongoni. Maman Madeleine akapiga yowe. Juu kabisa askari alishuka, akainama dirishani.

"Merci, Muzee. Lakini kule chini mulikuwa munaenda polepole sana."

Kule Kasha, Koko alikataa kuingia mpaka mkeka wake utandikwe juu ya kiti. Baada ya misa alikataa kutoka. Alitaka kuona soko la Kadutu, ambalo hakuwa ameliona tangu vita ianze, kisha ziwa, kisha nyumba ya shemeji yake. Walizunguka mpaka jua lilipoanza kuzama, Koko akiwapungia mkono watu asiowajua.

Kabla ya Noeli kompteri ilikuwa imepita elfu ishirini na moja. Papa Edouard sasa analalamika kwamba Nguba nzima imemfanya dereva: leo mgonjwa, kesho magunia ya mihogo, keshokutwa bibi harusi. Ukimwambia apumzike kidogo, anauliza unataka kwenda wapi.