Wasichana Waliokataa Kusimama Kando ya Uzio

Mwaka jana nilikwenda Makambako kwenye mahafali ya mjukuu wangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, shuka mabegani, nikisubiri hotuba ziishe, mara bendi ya shule ikaingia uwanjani. Watoto walivaa vizuri, viatu vinang'aa, lakini miguu yao! Wanaiburuta kama waliotumwa dukani wasikotaka kwenda. Mguu wangu wa kushoto ukaanza wenyewe chini ya kiti. Mjukuu mwingine aliyekuwa pembeni akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia hapana, nakumbuka tu.

Rafiki yangu, mimi nimepiga gwaride. Nimepiga gwaride Njombe, mbele ya boma, wakati wa Mwingereza, bila viatu na bila ruhusa.

Shule yetu ilikuwa ya misheni, upande wa Mdandu. Asubuhi za kipupwe sakitu, ule umande ulioganda, ililala juu ya majani ya viazi kama mtu amemwaga chumvi, na sisi tulipita humo miguu mitupu kwenda kuteka maji kabla ya kengele. Jioni bibi yangu aliniketisha karibu na moto akanipaka mafuta ya ng'ombe kwenye nyufa za visigino. Alisugua kwa nguvu, huku viazi vikiiva majivuni, na nikilia ananiambia nilie taratibu nisiwaamshe kuku.

Shule ya wavulana ilipopata tarumbeta, ngoma zao za zamani na filimbi za bati zililetwa kwetu, upande wa wasichana. Nadhani walikusudia tupige wakati wa nyimbo za kanisani, basi. Lakini tulikuwa na mwalimu mmoja, mama kijana, mwembamba, ambaye baba yake alikuwa mpiga tarumbeta wa Keya, jeshi la Mwingereza. Huyo alikulia kambini, gwaride alilisikia kabla hajajua kusema. Alizitazama zile ngoma siku nzima. Kesho yake akatupanga mistari.

Mara ya kwanza tulitoka siku ya Pasaka, baada ya ibada. Tuliiga wavulana: magoti juu kabisa, nyayo zinapiga chini mpaka vumbi linatimka. Ilikuwa aibu. Kila nikikanyaga, filimbi inanigonga meno. Mdomo ukapasuka, damu ikatiririka mpaka kwenye kola. Wimbo wenyewe ulirukaruka kama mtu anayeimba juu ya punda. Watu walicheka, na ningesamehe kicheko. Lakini mzee mmoja wa kanisa, jirani yetu, mwenye shamba kubwa la pareto, alisimama kwenye ngazi akapaza sauti.

"Imetosha! Msichana anayenyanyua goti mbele ya wanaume anatafuta nini? Wakitaka kupiga, wapige wakiwa wamekaa."

Kicheko kikakatika. Mama zetu wakatazama chini. Mwalimu alitupeleka nyuma ya darasa, akanifuta damu kwa kona ya kitenge chake. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani anataka kulia. Kumbe ni hasira.

"Mmesikia alichokataza?" akatuuliza. "Amekataza magoti. Vizuri. Hatutanyanyua magoti."

Basi ndipo tulipoanza kujifunza kutembea upya. Alitueleza kwamba kosa letu lilikuwa miguuni, wala si midomoni. Mguu ukipigwa chini, mshindo unapanda mpaka kichwani na filimbi inaruka. Inatakiwa kisigino kiguse kwanza, taratibu, halafu unyayo uviringike mpaka vidole, kama unakunja mkeka. Goti lilegee kidogo tu. Kiuno kibaki palepale. Hapo sehemu ya juu ya mwili haijui kama chini kuna miguu.

Hatukumwelewa. Akatuambia twende tukalete maji, kila mtu na debe lake. Tuliporudi hakuturuhusu kuyatua. "Haya, hivyo hivyo, pangeni mistari." Tukavuka shamba la viazi la shule, tuta baada ya tuta, debe kichwani, filimbi mdomoni. Aliyekosea hatua maji yalimshukia mgongoni, na wewe unaijua baridi ya Njombe. Tulipiga mayowe, tukacheka, tukatetemeka, tukarudi kisimani.

"Hiki kitu mnakijua tangu wadogo," alituambia. "Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni gwaride."

Kigumu kilikuwa kona. Mstari unapogeuka, wa ndani anatakiwa karibu asimame, anakanyaga papo hapo, na wa nje anavuta hatua ndefu, na katikati kila mtu anajipima kwa bega la mwenzake bila kugeuza kichwa. Mimi nilikuwa wa nje. Nilifanya mazoezi njiani, kwenye kuni, kwenye kuchunga, mpaka bibi akasema nimepatwa na kitu.

Habari zikamfikia mzee wa kanisa. Akaja nyumbani jioni moja, akapewa kigoda, akakataa uji. Alimwambia baba kwamba mazoezi yale yakiendelea, baba atatengwa, hatakaribia meza ya Bwana. Kutengwa halikuwa jambo dogo. Uliyetengwa ulikaa benchi la nyuma, na hata kwenye msiba watu hawakujua wakusalimie vipi. Aliyejibu ni bibi, kutoka jikoni, kwa Kibena kwanza, halafu akarudia kwa Kiswahili ili isiwepo kisingizio.

"Mke wako alipojifungua, mtoto huyu ndiye aliyewaletea maji. Kila siku alipita mbele ya macho yako na debe. Mbona hukuja kulalamika anavyotembea?"

Mzee akainuka. Alipofika mlangoni baba akasema, polepole, "Mtoto ataendelea."

Ikafika sikukuu ya Malkia. Tulitembea mpaka Njombe, tukalala kwenye jengo la kanisa, tukaamkia kuosha miguu kwa maji ya baridi. Mbele ya boma kulikuwa na jukwaa, bendera, askari, na Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na kofia yake nyeupe. Karani wa boma, kijana wa suruali iliyonyooshwa, akamjia mwalimu.

"Shule ya wasichana itasimama kando ya uzio. Mtapiga baada ya wavulana kupita. Mkiwa mmesimama."

"Tumefundishwa kupita," mwalimu akasema.

"Nyie mapambo tu, mama. Simameni."

Wavulana wakapita. Walikuwa na nguvu, sikatai, lakini kwenye kona mstari wao ulikatika kama uzi, na tarumbeta zikapoteana. Wakamaliza. Ilikuwa zamu yetu kupiga tukiwa tumesimama. Nilimtazama mwalimu. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi, macho makavu. Akasema, si kwa sauti kubwa:

"Mguu wa kushoto."

Tukaenda.

Sijui nikuelezeje. Hakuna mshindo uliosikika. Filimbi zilitoka zimenyooka, ngoma kubwa ikipiga chini yake kama moyo, na sisi tunateleza juu ya ile ardhi yenye kokoto kama vile hatuna uzito. Karani alikimbia pembeni yetu akinong'ona, "Rudini! Nasema rudini!" Lakini angetukamata vipi mbele ya jukwaa zima? Kona ikaja. Nikavuta hatua mpaka paja likauma. Nilihisi bega la mwenzangu palepale lilipotakiwa kuwa. Mstari ulizunguka kama mlango unaofunguka. Bwana Shauri, ambaye bila shaka aliamini tumo kwenye ratiba, akasimama na kutupigia saluti. Akina mama nyuma ya uzio wakapiga vigelegele mpaka filimbi zikamezwa.

Tulilipia, usidhani hatukulipia. Muhula uliofuata mwalimu alihamishwa mbali, na hatukumwona tena. Filimbi zikafungiwa stoo ya misheni. Baba alitengwa kweli. Alikaa benchi la nyuma Jumapili baada ya Jumapili, na huko nyuma aliimba kwa sauti kuliko kanisa zima, mpaka wakachoka wao.

Sasa ule uwanja wa shule una nyumba za watu, na shamba la viazi limepandwa miti ya mbao. Wenzangu wengi wamelala makaburini. Nikiwasimulia vijana, hunijibu kwa upole, kama unavyomjibu mzee, kwamba wasichana wa zamani walikuwa na adabu, walitembea wakiinamisha macho.

Siwakubalii. Nilikuwepo. Tulipofika mbele ya jukwaa mwalimu alitoa amri ya kutazama kulia, tukageuza nyuso zote pamoja, tukawatazama wakubwa wale machoni mpaka tulipomaliza kupita. Aliyeinamisha macho siku ile ni karani.