Magunia Ambayo Kompyuta Haikuyapima

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka tisa, darasa la pili, Makebuko. Mauaji yalipoanza tulikimbilia Tanzania na shule ikaishia hapo. Niliporudi nilibeba mizigo mpakani Kobero mpaka nikafungua ghala la maharagwe Muyinga. Kila gunia nilitoa punje nikaiuma. Ikilia "ka!", ni kavu, napokea. Ikibonyea, rudi nalo kwako, hata uwe kaka yangu.

Binti yangu akaolewa na fundi wa programu za kompyuta kutoka Gitega. Huyo akasema meno yangu yamepitwa na wakati. Akaunganisha kipima unyevu na kompyuta. Mi nikaenda Gitega kusimamia ghala la pili. Muyinga karani akawa anafuata kioo: kijani pokea, nyekundu kataa.

Mwezi haujaisha, mnunuzi wangu wa Kabanga, ng'ambo ya mpaka, akarudisha lori zima. Ukungu mtupu. Magunia yale aliyaleta mtu niliyelima naye ukimbizini, mteja wangu wa kwanza kabisa. Mshenzi yule aliyavuna kwenye mvua.

Nikamwita mkwe.

"Databukwe, baba mkwe wangu, kompyuta iko sawa," akasema. "Niliandika: pokea akiwa mteja wa zamani, au maharagwe yakiwa makavu. La kwanza likiwa kweli, jibu limeshapatikana. Donc, kwa hiyo, la pili haiangalii."

"Na kipima unyevu?"

"Hakikuwashwa. Kompyuta zote hufanya hivyo, zisipoteze muda."

"Ulijua ni mvivu, ukaikabidhi ghala langu?"

Akaanza kubonyeza. "Basi naweka ukavu mbele."

"Weka! Gunia bichi likikataliwa, itauliza kama mwenyewe ni wa zamani. Ni wa zamani. Litapita! We umesoma miaka kumi na sita, mi miwili. Futa hiyo 'au'. Kavu tu. Mteja wa zamani anapewa chai, hapewi kijani."

Alitazama kioo, hakunitazama mimi. Nikamwambia abebe kompyuta yake arudi kwao.

Kesho yake nilikwenda Kobero kumwomba mnunuzi apokee lori jingine. Hakushuka garini.

"Mzee, zamani ulikuwa unauma. Haya aliyauma nani?"

Akaondoka.

Leo nina maghala mawili, Muyinga na Gitega. Nyumba ya matofali ya kuchoma. Ng'ombe wanne. Mizani mbili. Pikipiki moja. Mnunuzi wa Kabanga sina.