Tuzo ya Marehemu Kombo

Wenzake walimuua Dakta Kombo kwenye mkutano, tena baada ya chai. Walikuwa wamemwandikia barua pepe wee, kimya; anwani yenyewe chuo kilishaifunga alipostaafu na kurudi kwao Ngamiani, Tanga. Mmoja akauliza, "Huyu si alishafariki?" Basi, Chama cha Watafiti wa Ardhi na Anga kizima kikasimama dakika moja kumkumbuka. Kupiga simu? Nani ajisumbue!

Mwenyewe alikuwa barazani anakunywa kahawa, mzima wa afya, ila ana donge la miaka mingi rohoni. Ujanani, akiwa mwalimu msaidizi, aliokota matumbawe yaliyogeuka mawe kwenye mashamba ya mihogo huko Moa, juu kabisa, mbali na maji. Akachimba, akapima, hadi akathibitisha kwamba zamani za kale bahari ilifika pale. Makala aliiandika yeye, neno la kwanza hadi la mwisho. Mkuu wake, Profesa Godlisten, akaipeleka kwenye jarida kwa jina lake mwenyewe, na Kombo akatajwa chini kwa herufi ndogo, pamoja na dereva.

"Wewe bado kijana," alimwambia. "Zamu yako itakuja."

Zamu gani! Profesa akapanda vyeo kwa makala ile, akazunguka nayo dunia. Kombo kila alipoomba tuzo ya chama aliambiwa hana utafiti wa maana.

Ndipo ikaja simu. Alikuwa Consolata, katibu mpya wa chama, aliyepewa namba ile kama ya nyumbani kwa marehemu.

"Shikamoo baba. Poleni na msiba. Natafuta ndugu wa marehemu Dakta Kombo. Chama kimempa tuzo ya heshima kwa kazi yake ya ufuo wa kale wa Moa. Tutaitoa kwenye mkutano wetu, hapo hapo Tanga."

Kombo alishafungua kinywa aulize, msiba wa nani? Akakifunga. Kazi ya Moa! Kwa jina lake!

"Na angekuwa hai?"

"Hii ni ya marehemu tu, baba."

"Basi mimi ni mdogo wake," akasema. "Nitakuja."

Mkewe Samiha alikuwa amesikia yote. "Astaghafirullahi! Mtu mzima unajizika? Jizike peke yako, Kombo. Mimi eda sikai!"

"Nataka nisikie mara moja tu wakinitaja mbele za watu."

Samiha akanuna. Hata hivyo kanzu alimpigia pasi.

Ukumbi wa hoteli ulijaa vijana wasiomjua. Wakamkalisha mbele. Jina lake liliposomwa watu walipiga makofi, na Kombo, maskini, akasikia raha ambayo hakuwahi kuionja kazini maisha yake yote. Kisha akaitwa wa kumwelezea marehemu, naye ni Profesa Godlisten, mkongojo mkononi.

Mzee akamtazama. Akamtazama tena, na Kombo akajua ametambuliwa. Akangoja aumbuliwe. Afadhali angeumbuliwa!

"Marehemu alikuwa kijana mwaminifu," Profesa alisema, macho yake hayabanduki usoni kwa Kombo. "Nilipougundua ufuo wa Moa, yeye ndiye aliyenishikia kamba ya kupimia. Hakulalamika hata siku moja."

Ukumbi ukapiga makofi. Consolata akajifuta machozi. Kombo alitaka kupiga kelele, mwongo huyu, mwizi mkubwa! Lakini nani apige kelele? Mdogo wa marehemu, asiyejua jiwe wala tumbawe? Na akisema mimi ndiye Kombo, nani atamsikiliza mtu aliyejizulia kifo apate tuzo? Mzee yule alilijua hilo vizuri kabisa.

Profesa akashuka, akamkabidhi ngao, akamkumbatia kwa nguvu.

"Pole sana kwa msiba, ndugu yangu," akasema, akamsogezea kipaza sauti. "Familia ina neno?"

Watu wote wakamgeukia. Kombo akakishika kipaza sauti.

"Familia inashukuru," akasema.